Damu baada ya mionzi: namba zinavyobashiri hatima ya mgonjwa wa saratani ya mapafu

Mgonjwa ambaye saratani yake ya mapafu imefikia hatua ya tatu, yaani imeingia kwenye tezi za katikati ya kifua lakini haijasambaa sehemu nyingine za mwili, kwa kawaida hupewa mionzi ya jumla ya grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), iliyogawanywa katika vipindi 30, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki sita, huku akipewa pia dawa za saratani kwa dripu. Siku ya kipindi cha mwisho huwa ya furaha, lakini miezi mitatu baadaye, anaporudi kupigwa picha ya CT, mambo huwa magumu kusomeka. Pale palipokuwa na uvimbe pana doa jeupe lenye kingo zisizoeleweka. Huenda ni kovu ambalo mionzi imeliacha, huenda ni nimonia iliyosababishwa na mionzi yenyewe, na huenda ni saratani ambayo haikufa. Daktari mkweli hana la kusema ila kwamba isubiriwe picha ijayo, na mgonjwa hurudi nyumbani na miezi mingine mitatu ya kukosa usingizi.

Pengo hilo ndilo ambalo watafiti wamekuwa wakijaribu kuliziba kwa damu. Damu hutolewa kwa dakika chache, inaweza kutolewa tena wiki ijayo, na hupita katika kila kiungo, pamoja na uvimbe wenyewe. Kwa hiyo hoja ya msingi ina nguvu: kama uvimbe unaacha alama zake ndani ya damu, na kama mwili unaeleza kwa damu jinsi unavyopambana, basi kipimo cha damu kingeweza kutuambia mapema nani amepona, nani ugonjwa utamrudia, na nani mapafu yake yatadhurika kwa tiba. Tafiti za aina hii ni nyingi mno, na karibu kila moja inatangaza namba fulani kuwa inabashiri. Anayezisoma bila uangalifu ataondoka akiamini kwamba jibu limeshapatikana, kinachokosekana ni maabara tu.

Sivyo, na sababu kubwa ni kwamba maneno mawili yanachanganywa. Kuna kiashiria kinachobashiri na kiashiria kinachoelekeza. Cha kwanza kinasema kwamba wenye namba hii, kwa wastani, huishi muda mfupi kuliko wenye namba ile, hata watibiwe namna gani. Cha pili kinasema kwamba tiba fulani itamfaa huyu na haitamfaa yule. Cha kwanza ni rahisi kukipata, kwa sababu karibu kila kitu kinachoonyesha udhaifu wa mwili kitabashiri kifo cha mapema: kupungukiwa damu, kushuka kwa albumini, ambayo ni protini kuu ya damu, kukonda. Cha pili ni adimu, na ndicho ambacho mgonjwa anakihitaji, kwa kuwa namba isiyobadilisha chochote katika matibabu yake inamwongezea hofu na gharama tu.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka katika saratani za kichwa na shingo, ambazo nazo hutibiwa kwa mionzi. Ilijulikana tangu zamani kwamba wenye upungufu wa damu hufanya vibaya baada ya mionzi, na maelezo yake yaliingia akilini vizuri: mionzi inahitaji oksijeni ili kuua chembe ya saratani, na chembe iliyokosa oksijeni huweza kuhitaji dozi inayokaribia mara tatu. Basi, madaktari wakafikiri, tuongeze damu na mionzi itafanya kazi vizuri zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwahusisha wagonjwa 351, baadhi wakapewa dawa ya eritropoietini ya kuongeza damu na wengine wakapewa dawa tupu isiyo na kitu. Wingi wa damu ulipanda kama ilivyotarajiwa, lakini waliopewa dawa hiyo ndio ambao saratani yao iliendelea mapema zaidi. Namba ilikuwa imebashiri kweli, lakini kuirekebisha namba hakukumrekebisha mgonjwa. Kila ninaposoma habari ya kiashiria kipya, huo ndio utafiti ninaoukumbuka kwanza.

Tuanze na kipimo ambacho kila hospitali ya wilaya inacho, kile cha chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau, kinachohesabu chembe zote za damu. Kwenye karatasi inayotoka kwenye mashine kuna mistari miwili ambayo watafiti wa saratani ya mapafu wameipenda sana. Mmoja ni wa nyutrofili, chembe nyeupe zinazokimbilia mahali penye uchochezi na bakteria, na mwingine ni wa limfosaiti, chembe nyeupe zinazotambua na kuua chembe ngeni, zikiwemo za saratani. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Mwenye nyutrofili 6.0 na limfosaiti 1.5, kwa kipimo cha mabilioni katika lita moja, uwiano wake ni 4. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba uwiano ukiwa juu kabla ya mionzi, maisha huwa mafupi, na maelezo ni kwamba uvimbe mkali huzalisha uchochezi unaopandisha nyutrofili, huku walinzi halisi wakipungua.

Tatizo ni mstari wa kugawia, yaani namba inayowatenganisha walio hatarini na walio salama. Utafiti mmoja unasema hatari inaanzia 3, mwingine 4, mwingine 5, na mara nyingi mstari huo umechaguliwa kutoka katika data zile zile zilizotumika kuuthibitisha, yaani mpigaji amerusha mshale kwanza kisha akachora shabaha mahali ulipoangukia. Mwaka 2005 wataalamu walitoa mwongozo unaoitwa REMARK, unaodai kila anayechapisha utafiti wa kiashiria aeleze wazi jinsi alivyochagua wagonjwa, sampuli na mistari yake. Mwongozo huo umesaidia, ingawa tabia haijaisha.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo jingine zito zaidi, na ninasikitika kwamba halitajwi inavyostahili. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama ya kundi la damu liitwalo Duffy juu ya chembe zao nyekundu. Kukosekana kwake kuliwakinga mababu dhidi ya malaria ya aina ya vivaksi, na pia kunaambatana na kuwa na nyutrofili chache katika damu inayozunguka, bila ugonjwa wowote. Mtu mwenye afya njema anaweza kuwa na nyutrofili 1.8 na limfosaiti 1.8, uwiano ukawa 1. Akiugua saratani na nyutrofili zake zikapanda maradufu, uwiano utafika 2, na kwa mstari uliochorwa kwa wagonjwa wa China au Ulaya ataandikwa kuwa yuko salama. Hapo hatujaongeza bado malaria, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI vinavyoshusha limfosaiti, na deksamethasoni, ambayo wagonjwa wengi hupewa kuzuia kutapika na ambayo ndani ya saa chache hupandisha nyutrofili. Kifua kikuu kina uzito wa pekee, kwa sababu dalili zake na za saratani ya mapafu hufanana, na si wachache wanaofika kwenye mionzi wakiwa wameshameza dawa za kifua kikuu kwa miezi bila nafuu. Namba iliyopatikana bila kuuliza haya yote haina pa kushika.

Limfosaiti, hata hivyo, zina hadithi yao wenyewe ambayo ni ya kina kuliko uwiano huo. Chembe nyingi za mwili huuawa na mionzi pale zinapojaribu kugawanyika, lakini limfosaiti hufa hata zikiwa zimetulia, na dozi isiyofika grei 2 inatosha kuua karibu nusu yake. Sasa fikiria kinachotokea mgonjwa anapolala juu ya meza ya mashine. Moyo husukuma takriban lita tano kwa dakika, kiasi kinacholingana na karibu damu yote ya mtu mzima, na mwale unapopita kifuani hukutana na moyo, mishipa mikuu na mapafu, mahali ambapo damu imejaa kuliko popote. Kila siku sehemu nyingine ya damu hupata mguso wake. Watafiti wa Marekani walipiga hesabu hiyo mwaka 2013 kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo na kukuta kwamba kipindi kimoja hugusa takriban asilimia 5 ya damu kwa dozi ya nusu grei au zaidi, lakini baada ya vipindi 30 karibu damu yote, asilimia 99, imeshaguswa. Ikiwa ni hivyo kwa ubongo, kifua kina sababu zaidi ya kuwa na hali mbaya.

Matokeo yake yanaonekana kwenye karatasi ile ile ya maabara. Yule aliyeanza na limfosaiti 1.5 huweza kumaliza wiki ya sita akiwa na 0.4, na wengine hushuka chini ya 0.2, kiwango ambacho wanaokumbuka hesabu za CD4, kipimo cha kinga kwa wenye virusi vya UKIMWI, wataelewa mara moja maana yake. Tafiti baada ya tafiti zimekuta kwamba walioshuka sana huishi muda mfupi zaidi. Hapa kiashiria kinakaribia kuwa cha kuelekeza, kwa sababu chanzo cha kushuka kwa kiasi fulani kiko mikononi mwetu: ukubwa wa eneo linalopigwa, dozi inayoufikia moyo, idadi ya vipindi.

Jaribio moja maarufu huenda linaelezwa kwa sehemu na jambo hili. RTOG 0617, lililofanyika Amerika Kaskazini na kuchapishwa mwaka 2015, lililinganisha grei 60 na grei 74 kwa wagonjwa wa hatua ya tatu, kwa matumaini kwamba dozi kubwa itaua saratani zaidi. Ikawa kinyume. Nusu ya waliopata grei 60 waliishi zaidi ya miezi 28.7, na kwa waliopata grei 74 ilikuwa miezi 20.3 tu. Dozi iliyoufikia moyo ilihusiana na vifo, na uchambuzi uliofanywa baadaye kwa data hizo hizo, ukikadiria dozi iliyozifikia chembe za kinga zinazozunguka katika damu, ulikuta kwamba kadiri dozi hiyo ilivyokuwa kubwa ndivyo maisha yalivyokuwa mafupi. Haijathibitishwa kwamba kuzilinda limfosaiti kwa makusudi kutarefusha maisha. Somo la eritropoietini linatuzuia kudhani. Lakini kupunguza mionzi inayoupata moyo ni jambo jema kwa sababu nyingine pia, kwa hiyo hapa tahadhari haina hasara.

Protini zinazotolewa na uvimbe wenyewe zina historia ndefu zaidi, nami nitazipitia haraka. CEA ilielezwa kwa mara ya kwanza huko Montreal mwaka 1965, na hupanda katika baadhi ya saratani za mapafu, lakini hupanda pia kwa mvutaji wa sigara asiye na saratani. CYFRA 21-1 ni vipande vya protini ya kiunzi cha chembe, vinavyomwagika chembe zinapokufa, na figo zikidhoofu hubaki juu bila sababu ya saratani. NSE hutumika kwa saratani ya chembe ndogo, ambayo ni aina mojawapo ya saratani ya mapafu, lakini imo pia ndani ya chembe nyekundu, hivyo damu iliyovutwa kwa nguvu kwenye sindano hadi chembe zikapasuka itatoa jibu la uongo la kutisha. Faida ya protini hizi ipo zaidi kwa mgonjwa ambaye moja yake ilikuwa juu kabla ya tiba, ikashuka, kisha ikaanza kupanda katika vipimo viwili au vitatu mfululizo. Kipimo kimoja cha peke yake kisimtoe mtu machozi.

Tumaini kubwa la leo ni vipande vya DNA ya uvimbe vinavyoelea katika plazima, yaani maji ya damu. Kwamba damu ina DNA iliyo nje ya chembe kuliandikwa na Wafaransa Mandel na Métais mwaka 1948, lakini ilichukua miongo mingi kupata mashine za kuisoma kwa usahihi. Uzuri wake ni kwamba vipande hivyo havikai. Nusu yake hutoweka ndani ya saa mbili hivi. Kwa hiyo kinachoonekana leo kimetoka kwenye uvimbe ulio hai leo, wakati picha ya CT inaonyesha umbo, na umbo la kovu linaweza kufanana na la saratani kwa miezi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2017 matokeo ya wagonjwa 40 waliotibiwa saratani ya mapafu iliyokuwa haijasambaa. Miongoni mwa wale ambao ugonjwa uliwarudia, asilimia 94 walikuwa na DNA ya uvimbe katika damu ya kwanza iliyochukuliwa baada ya tiba, na kwa asilimia 72 ya wagonjwa damu iliitangulia picha, kwa muda wa kati wa miezi 5.2. Miezi mitano ni mingi kwa mtu aliyeachwa asubiri doa lake jeupe lijieleze.

Swali la kuelekeza tiba nalo limeanza kuguswa. Tangu mwaka 2017, kutokana na jaribio la PACIFIC lenye wagonjwa 713, wengi wa hatua ya tatu wanaomaliza mionzi bila ugonjwa kuendelea hupewa durvalumab, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Baada ya miaka mitano asilimia 42.9 ya waliopewa dawa hiyo walikuwa hai, dhidi ya asilimia 33.4 ya wasiopewa. Tazama namba ya pili kwa makini: theluthi moja waliishi bila dawa hiyo, ambayo ni ghali na ina madhara yake. Mwaka 2020 kundi hilo la Stanford na wenzao walionyesha, kwa wagonjwa 65, kwamba ambao DNA ya uvimbe haikuonekana baada ya mionzi walifanya vizuri wakipewa dawa ya kinga au wasipopewa, na kwamba walioonekana nayo walinufaika walipoipata. Idadi hiyo ni ndogo, na wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo si ruhusa ya kumnyima mtu dawa. Lakini huo ndio mwelekeo wa swali zuri, na katika nchi ambako familia huuza kiwanja ili kulipia dawa, swali hilo ni zito kuliko kwingineko.

Kwa nini basi kipimo hiki hakitumiki kila mahali? Hesabu ndogo inatosha kueleza. Nanogramu moja ya DNA ina takriban nakala 300 za kila sehemu ya jenomu, yaani ya urithi wote wa kijenetiki. Mililita moja ya plazima ikiwa na nanogramu 10, tuna nakala 3,000. Baada ya mionzi kufanikiwa kwa sehemu kubwa, DNA ya saratani inaweza kuwa moja katika kila 10,000, maana yake katika mililita hiyo, kwa badiliko moja la kijenetiki tunalolitafuta, pengine hakuna hata nakala moja ya kukuta. Mashine iwe nzuri namna gani, haiwezi kuona kisichomo kwenye chupa. Ndiyo maana vipimo bora hutafuta mabadiliko mengi kwa pamoja, yaliyojulikana kwanza kutoka kwenye kinyama cha uvimbe, na hutumia damu nyingi. Uvimbe mdogo wa hatua ya kwanza, unaotibiwa kwa vipindi vichache vya mionzi ya dozi kubwa, humwaga kidogo mno, na saratani iliyojificha ubongoni mara nyingi haionekani katika damu kabisa. Jibu la kwamba hakuna kilichoonekana halina maana ya kwamba hakuna kilichopo.

Kuna pia mtego wa upande wa pili. Kadiri watu wanavyozeeka, chembe za uboho hujikusanyia mabadiliko ya kijenetiki ambayo si saratani, wakati mwingine katika jeni la TP53, lile lile linaloharibika katika saratani ya mapafu. Maabara isiyopima chembe nyeupe za mgonjwa sambamba na plazima yake inaweza kumwambia mzee kwamba saratani imerudi, kumbe imesoma uzee wa uboho wake.

Na kuna chupa yenyewe. Damu ya chupa ya zambarau ikikaa juu ya meza usiku kucha, chembe nyeupe huanza kupasuka na kumwaga DNA yao nzima, na ile DNA kidogo ya saratani inazama kama tone la maziwa katika ndoo ya maji. Inatakiwa izungushwe kwenye sentrifuji ndani ya saa chache, plazima ivutwe kwa upole bila kugusa tabaka jeupe lililo juu ya chembe nyekundu, izungushwe tena, kisha igandishwe. Zipo chupa maalumu zinazovumilia siku kadhaa, lakini bei yake ni kubwa. Sampuli inayosafirishwa kwa basi kutoka mkoani huamuliwa hatima yake na saa za safari kabla haijafika kwa mtaalamu yeyote.

Ugumu huo huo wa kutunza sampuli ndio uliokwamisha ndoto ya zamani kuhusu madhara ya mionzi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliona kwamba protini ya TGF-beta 1, inayohusika na utengenezaji wa makovu, ikibaki juu mwishoni mwa mionzi, mgonjwa yumo hatarini zaidi kupata nimonia ya mionzi katika miezi inayofuata. Wengine walipojaribu, matokeo yaligongana. Sehemu ya sababu ni kwamba chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimejaa protini hiyo, na zikitikiswa wakati wa kuchukua damu huimwaga ndani ya chupa. Hadi leo daktari anayetaka kukadiria hatari ya nimonia hutegemea kwanza mpango wa mionzi wenyewe, hasa ni asilimia ngapi ya mapafu inapokea grei 20 au zaidi, na hali ya mapafu kabla ya tiba. Damu bado haijaushinda mpango huo.

Kwa mgonjwa anayeanza mionzi sasa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kipimo kilicho karibu ni cha chupa ya zambarau, ambacho atafanyiwa hata hivyo kwa sababu ya dawa za dripu. Aombe nakala ya karatasi iliyotoka kabla ya kipindi cha kwanza, na iandikwe juu yake tarehe, kama alikuwa na homa siku hiyo, na kama alikuwa ameshaanza deksamethasoni. Karatasi za wiki zinazofuata zilinganishwe na ile ya kwanza, yake mwenyewe, mstari wa limfosaiti ukisomwa na mwenye kupanga mionzi yake, si na mwenye kutoa dawa peke yake.